KITI CHA SHABIKI: Mbele ya kucheka, uliza alilipwa nini



Munajua kwamba kwenye kiti hiki ninakaa kama shabiki tu. Sinema sikusomea, muziki sikusomea, na mupira niliocheza ulikuwa wa majani ya ndizi na kamba. Kwenye shule ya Biblia walitufundisha kuhubiri, kuzika, na kushika hesabu ya sadaka. Hakuna aliyetufundisha namna ya kutazama filimu. Basi ninayoandika hapa ni maoni ya mutu anayetazama na kusikiliza sawa ninyi, na mutu anaweza kunipinga bila kufanya zambi. Wengine munanipinga kila mwezi, na barua zenu ninaziweka zote.

Mwezi huu zimefika barua mbili ambazo siwezi kuziacha.

Ya kwanza ni ya kijana wa Kamituga. Anasema walikuwa kwenye nyumba ya video, wanangojea mupira wa Uingereza uanze, ndipo mwenzao akawaonyesha kwenye simu picha za zamani za Kombe la Dunia. Brazil wanataka kupiga mupira wa adhabu. Wachezaji wa Zaïre wamesimama ukuta. Mwamuzi anapiga filimbi, na mara mutu mumoja wa Zaïre anatoka kwenye ukuta mbio na kupiga ule mupira mbali sana, mbele Wabrazil hawajaugusa. Kijana anaandika: "Tulicheka mpaka machozi. Muchungaji, ni kweli wazee wetu walikwenda kule Ulaya bila kujua sheria za mupira?"

Ya pili ni ya mama mumoja, ni wale wamama wa kutwanga mawe tunaita twangaise. Mutoto wake akitoka shimoni na feza kidogo, anakwenda moja kwa moja kwenye video na kwenye parifut, nyumbani inafika mikono mitupu. Na mama ananiuliza bila kuzunguka: "Watu wanakufa na vita, na wewe Muchungaji unaandika mambo ya mupira?"

Mama, utanisamehe, nitaanza na kijana. Swali lake ni refu, na ndani yake utaona jibu lako limeanza.

Kijana wangu, yule mutu muliyemucheka anaitwa Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe ya Lubumbashi. Siku ile ni tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 1974, katika muji wa Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini ile picha nimeiona labda mara mia, sababu televizio za dunia nzima zinaipenda. Kila Kombe la Dunia likikaribia wanaitoa tena kwenye sanduku, wanacheka tena, halafu wanairudisha. Imekuwa miaka zaidi ya 50 sasa.

Sasa fikiri nami kidogo. Miezi mitatu tu mbele ya siku ile, mwezi wa 3 mwaka 1974, timu hii hii ilishinda Kombe la Afrika kule Misri. Nusu-fainali walikuwa nyuma magoli 2 kwa 0 mbele ya Misri wenyewe, kwao, wakarudi wakashinda 3 kwa 2. Fainali na Zambia ikaisha 2 kwa 2, wakairudilia, tukashinda 2 kwa 0. Na lile lilikuwa kombe la pili, sababu la kwanza tulilichukua mwaka 1968 kule Addis Ababa. Mutu wa timu kama hiyo hajui mupira wa adhabu ni kitu gani? Mutoto wa miaka saba anayecheza kwenye udongo wa Kadutu anajua.

Alijua. Yeye mwenyewe alisema hivyo miaka mingi nyuma, walipomuuliza. Basi swali lako la kweli si kama alijua. Swali ni kwa nini alifanya. Na hapo ndipo picha haisaidii kitu, kwa sababu picha inaanza wakati filimbi inalia, na mambo yenyewe yalianza mbele.

Zaïre ilikuwa inchi ya kwanza ya Afrika ya chini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mobutu alifurahi sana na lile Kombe la Afrika, akawapa wachezaji nyumba na gari. Kule Ujerumani mupira wa kwanza, na Scotland, walipigwa 2 kwa 0, na hakuna aliyecheka siku ile. Walicheza vizuri. Halafu wakauliza feza yao, ile waliyoahidiwa. Feza haipo. Imekuja pamoja nao kwenye ndege, lakini imepotelea kwa wakubwa waliosindikiza timu. Wachezaji wakasema, basi hatuchezi na Yugoslavia. Wakasukumwa mpaka wakaingia uwanjani, na munajua mutu aliyesukumwa anachimba namna gani. Magoli 9 kwa 0. Golikipa Kazadi alitolewa dakika ya 21, nyuma ya goli la tatu tu. Na Ndaye Mulamba akapewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo hakulifanya. Mwamuzi alikosea mutu, na mwenye kosa alikuwa Mwepu huyu huyu.

Nyuma ya pale wakaja watu wa Mobutu kuwaona hotelini. Neno lilikuwa fupi: Brazil wakiwafunga zaidi ya magoli matatu, hakuna atakayerudi nyumbani.

Kwa hiyo sasa, kijana wangu, irudishe ile picha. Usitazame mupira, mutazame mutu. Mbele yake ni Brazil, mabingwa wa dunia wa mwaka 1970. Nyuma yake ni feza iliyoliwa. Nyumbani kuna mutu anayehesabu magoli. Mwepu alieleza baadaye kwamba alifanya kwa makusudi, alitaka kadi nyekundu atoke, kwa sababu hakuona maana ya kuendelea kuumia wakati wale watakaokula faida wamekaa kwenye viti wanatazama. Siku zingine alieleza habari ya ule woga wa magoli matatu. Kuna watu wanasema, aa, anabadili maneno. Mimi shabiki sioni shida. Hasira na woga vinaweza kukaa katika muguu mumoja.

Mwamuzi alimupa kadi ya manjano tu. Mupira uliisha 3 kwa 0. Wakarudi nyumbani. Mwepu alikufa Kinshasa mwaka 2015, na magazeti ya dunia yakaandika kifo chake pamoja na ile picha.

Nitakuambia neno moja gumu, na ulipokee kama kutoka kwa baba. Katika watu wote waliocheka mbele ya ile simu, wewe wa Kamituga ulipaswa kuwa wa mwisho. Wewe unajua mambo ya kuingia shimoni na kutoka na vumbi mpaka kwenye meno, halafu PDG anahesabu gharama zake za mbao, za mota ya kuvuta maji, za chakula, na wewe unabaki na kijiko cha muchanga. Unajua zahabu inavyokuwa nyepesi mukononi mwako na nzito mukononi mwa anayeinunua. Kama siku moja ukatupa nyundo chini katikati ya kazi, na mutu akakupiga picha dakika ile tu, utasema yule anayecheka amekuelewa?

Nilisema Ndaye. Hapo ndipo ninataka kukaa, sababu kila siku munaniuliza nani ni muchezaji mukubwa kuliko wote katika inchi yetu, na munangojea nitaje jina la kijana mumoja wa Ulaya mwenye nywele za rangi. Ninajibu: Pierre Ndaye Mulamba, wa Vita Club. Kwenye Kombe la Afrika la 1974 aliingiza magoli 9. Tisa, katika kombe moja. Zile fainali mbili na Zambia, magoli yote manne ni ya kwake. Tangu pale wamepita watu wakubwa, Eto'o, Drogba, Salah, na hakuna aliyefika tisa katika kombe moja.

Mwaka 1994 wakubwa wa mupira wa Afrika walimuita Tunisia wamuheshimu kwa kazi ile. Akaenda, akaheshimiwa, akarudi. Watu wenye nguo za askari wakaja nyumbani kwake usiku, wakifikiri amerudi na mali. Wakamupiga risasi ya muguu. Mutoto wake mwanaume aliuawa. Mutu hakuwa na mali. Alikuwa na medali. Akakimbilia Afrika ya Kusini, akaishi kule kama mukimbizi katika mitaa ya maskini ya Cape Town.

Na sikilizeni hii, watu wa migodi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, walisimama dakika moja ya kimya kwa ajili ya Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imefika kwamba amekufa katika mugodi wa almasi kule Angola, udongo umemufunika. Uwanja muzima ukanyamaza. Na yeye alikuwa muzima Cape Town, anatafuta chakula! Walimukumbuka vizuri sana kwa sababu walifikiri amekufa. Alikufa kweli mwezi wa 1 mwaka 2019, Johannesburg. Kuna filimu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa juu ya maisha yake, inaitwa Forgotten Gold, ni kusema Zahabu Iliyosahauliwa. Mwenye nyumba ya video atakayeitafuta na kuionyesha mahali pa ile ya Rambo ya mara arobaini, mimi nitalipa kiti changu na cha mutu mwingine.

Tusikae katika huzuni tu. Shabiki anayekumbuka vilio peke yake ni mutu muchungu, hakuna anayetaka kukaa naye. Tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 2010 Mazembe walicheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi na Inter ya Milano. Walipigwa 3 kwa 0, ndiyo, lakini kufika pale walikuwa wamewatoa Internacional wa Brazil kwa 2 kwa 0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na hakuna kilabu ya Afrika iliyokuwa imefika fainali ile mbele yao. Na golikipa Kidiaba, akikaa chini na kuruka-ruka kwa matako! Ninajua makanisa fulani hapa Bukavu ambapo watoto walifanya ile dansi katikati ya masomo ya Siku ya Mungu na mwalimu akakosa la kusema. Kwa wale wazee wanaosema mupira ni kazi ya shetani, niwakumbushe kwamba Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto, wakati Lubumbashi iliitwa Elisabethville. Ni kweli, si Waprotestanti waliofanya hivyo. Tusione wivu.

Tuje kwenye muziki, kwa sababu kule pia swali ni lile lile.

Munajua mabanga. Kwa Kilingala ni mawe, na ninyi munaotwanga mawe munajua uzito wake. Lakini muimbaji wa Kinshasa akisema ametupa libanga, maana yake ametaja jina la mutu katika wimbo, na yule mutu amelipa. Zamani lilikuwa jina moja, la rafiki, katikati ya gitaa. Sasa unaweza kusikiliza wimbo wa dakika nane, na dakika tano ni majina: mwenye duka, mwenye ndege, mubunge, mutoto wa mubunge. Mupenzi aliyeimbiwa mwanzoni umemusahau kabisa. Kwa masikio yangu mimi, mabanga yameharibu nyimbo nyingi nzuri. Na yameingia kwetu. Juzi kwenye arusi hapa mujini, kikundi kilichokuja kumusifu Mungu kilianza na Bwana, na mbele ya kibwagizo cha pili tulikuwa tumefika kwa mwenye gari la maharusi. Bwana hakurudi tena mpaka mwisho.

Ukinyamazisha haya yote, tafuta nyimbo za Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, muzungu wa Afrika ya Kusini aliyekuwa anazunguka na mashine ya kukamata sauti, alimukuta Jadotville, ile tunaita sasa Likasi, muji wa shaba. Kijana wa miaka 22, gitaa moja, vidole viwili, na Kiswahili chetu hiki. Wimbo wake wa Masanga wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaujifunza mpaka leo, na wengine vidole vinawagoma. Hakuna jina la tajiri. Hakuna hata ngoma. Ukisikiliza utafikiri ni watu wawili wanapiga, mumoja anauliza, mwingine anajibu. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari kule Zambia. Muziki wa watu wa migodi ulianza hivyo, jioni, nyuma ya kazi, kwa mutu aliyekaa juu ya kiti na wenzake wamesimama. Ninapenda vijana wetu wa sasa pia. Innoss'B wa Goma akiimba na Diamond wa Tanzania ule wimbo wa Yo Pe, mwaka 2019, miguu yangu ilinisaliti mbele ya watoto wangu. Lakini Mwenda ninamusikiliza nimekaa.

Sasa musifikiri ninawahukumu wanamuziki. Kwa nini wanataja matajiri? Kwa sababu tajiri analipa, na wewe unayecheza haulipi. Wimbo ukitoka, mutu mumoja katika kambi anaununua, na kesho yake simu mia zinao. Haki za mutungaji zinabaki njiani kama feza ya 1974. Muimbaji anakula wapi? Anakula kwenye jina la mwenye duka. Basi tukichoka na mabanga, tuanze kujiuliza wale wa kwaya yetu, wanaofanya mazoezi kila Jumamosi na kulipa wenyewe pikipiki ya kuwaleta, kaseti yao ya zamani tuliinunua au tuliiazima? Na ya sasa, ile ya kwenye simu?

Filimu. Hapa nitakuwa mufupi, ila kwa moja.

Zile filimu za kupigana zilizotafsiriwa Kiswahili na watu wa Dar es Salaam, kama Lufufu aliyeanza zamani, ninazipenda kuliko filimu yenyewe. Mwenye kutafsiri anaongeza maneno yake, anamupa Muchina jina la Kinyamwezi, na kama akteri ametoroka anamuambia apite njia gani. Wakubwa wa sinema wanasema ni kuharibu kazi ya mutu. Mimi ninasema mama yangu hakuelewa filimu hata moja mpaka hawa watu walipokuja. Kuhusu ile imani ya vijana kwamba akteri hafi, na kila siku munabishana juu yake, kumbukeni tu kwamba Kanumba wa Tanzania, aliyekuwa akteri wa nyumba nyingi za huku kwetu, alikufa mwaka 2012 na miaka 28 tu.

Ile moja ambayo sitaifanya fupi ni L'homme qui répare les femmes, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, mwaka 2015. Ni ya kwetu. Ni Panzi, ni Daktari Denis Mukwege, mutoto wa muchungaji wa hapa Bukavu, aliyepewa Nobel ya amani mwaka 2018. Mwezi wa 9 mwaka 2015 serikali ilikataza filimu hiyo katika inchi yetu, na mwezi uliofuata ikaifungua. Walisema nini? Kwamba maneno ya wamama wanaosema Kiswahili yametafsiriwa vibaya kwa Kifaransa chini ya picha, ili kuchafua jeshi. Nilipoitazama nilifunika ile sehemu ya chini na karatasi. Sisi watu wa huku hatuhitaji maandishi ya chini. Tunamusikia mama anasema nini, na tunasikia pia pale anaponyamaza. Itazameni hivyo, wakubwa tu, si pamoja na watoto, na mujipimie wenyewe.

Lakini jambo ninalolipenda zaidi katika habari ile ni hili. Mwezi wa 10 mwaka 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa daktari, mulinzi wake akauawa, naye akakimbia na jamaa yake. Wamama wa huku, hata wa kisiwa cha Idjwi, wakaanza kuuza matunda na vitunguu ili wakusanye feza ya tiketi ya ndege ya kumurudisha. Alirudi mwezi wa 1 mwaka 2013, na barabara ilijaa watu. Wale waliokuwa na kidogo kuliko wote ndio waliolipa. Hakuna aliyewatupia libanga.

Mama, sasa nimefika kwako.

Umeuliza kwa nini kuandika mupira wakati watu wanakufa. Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024, Abidjan, nusu-fainali ya Kombe la Afrika, Léopards na Côte d'Ivoire. Tulikuwa tumefika pale kwa kujikokota: mara tatu sare katika kundi, halafu Misri kwa penalti, mpaka golikipa Mpasi alipopiga mwenyewe ile ya mwisho na kuingiza, 8 kwa 7, halafu Guinea 3 kwa 1. Jioni ile, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu waliziba kinywa kwa mukono mumoja, na vidole viwili vya mukono mwingine wakaviweka kwenye kichwa sawa bunduki. Dunia nzima ilikuwa inatazama. Hakuna hotuba. Walisema kwa mikono kwamba Mashariki watu wanauawa na ninyi munanyamaza. Tulipigwa 1 kwa 0, goli la Haller. Mwaka mumoja nyuma ya pale, mwezi wa 2 wa 2025, vita ikaingia Bukavu yenyewe. Zile siku sizirudii hapa, kila nyumba inazo za kwake.

Mimi sikumbuki nusu-fainali nyingine ambayo nilipigwa na sikulala nikifikiria goli. Niliwaza ule muguu wa 1974, ambao haukueleweka na mutu, na mikono hii ya 2024, ambayo kila mutu alielewa. Kati yao ni miaka 50. Mupira wa adhabu ni ule ule, inchi ni ile ile. Ndiyo sababu ninaandika mupira, mama. Kuna siku wachezaji wanasema neno letu mahali ambapo sisi hatuwezi kufika, na ni vema tukiwa macho tulione.

Kuhusu mutoto wako. Video si zambi, na ninafikiri utamushinda kwa kumuuliza aliona nini kuliko kwa kumufungia mulango. Muambie akuhadisie ile filimu kutoka mwanzo. Kama hawezi, basi hakutazama, alikwenda kujificha, na hapo kuna neno lingine la kuzungumuza naye kwa upole. Lakini parifut siitetei hata kidogo. Yule anayepanga bei za magoli ana watu wa kuhesabu na mashine, na mutoto wako ana ndoto ya usiku. Mwenye parifut ni PDG ambaye hajawahi kuingia shimoni hata siku moja. Muombe mutoto aandike katika daftari, mwezi mumoja tu, alichoweka na alichopata, bila kudanganya. Usimuhubirie. Soma daftari pamoja naye mwisho wa mwezi, na mutwange hesabu.

Nafasi inaisha, na kuna wale watatu wa Nyabibwe wanaobishana tangu Noeli nani ni golikipa mukubwa, Kazadi au Kidiaba. Kidiaba ana vikombe na ana dansi. Kazadi alitolewa dakika ya 21 siku ile ya Yugoslavia, lakini wazee waliomuona Cairo wanasema mikono yake ilikuwa kama mulango wa kanisa siku ya Jumatatu. Mimi ninachagua Kazadi. Mwenye hasira aandike, barua zitolewe mbele ya tarehe 15.